Lakini Iliyokatika

Jumatano, 2 Aprili

Mama amesema kwa kuwa sisemi, basi niandike, maneno yasije yakanivundia tumboni. Nimechukua daftari moja dukani kwa Baba. Anauza vifaa vya shule hapa Bombolulu, Mombasa: madaftari, kalamu, vifutio, bahasha. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nimeomba kusoma kemia chuo kikuu, na sasa ninangoja kuitwa. Nikiwa ninangoja ninakaa dukani. Wateja wakiniuliza jambo, ninajibu kwa kichwa.

Leo Idi tatu. Shangazi Mahfoudha, dada mkubwa wa Baba, alikuja na sahani ya vileja. Ana saratani ya titi. Ramadhani hii hakufunga kwa sababu ya dripu, na kutofunga kulimuuma kuliko dripu yenyewe. Moja ya dawa zake ni nyekundu, naye anaiita Vimto.

"Wenzangu walifuturu kwa Vimto ya glasi," alisema, "mimi nikatiwa yangu mshipani."

Nywele zimemwisha, kucha zimepiga weusi, na bado ndiye wa kwanza kucheka.

Mvua imenyesha alasiri, kidogo tu, kama inayojaribu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda siku ya wageni ya chuo, ng'ambo ya daraja. Nilipita meza zote bila kuuliza kitu. Kwenye meza ya mwisho alikuwapo mtafiti mmoja, dada anayeitwa Mercyline.

"Hilo bango umelisoma, ukaenda, ukarudi ukalisoma tena," akaniambia. "Uliza basi."

Sikuuliza. Akanipa kalamu ya risasi na karatasi, akaniambia nichore mstari.

"Hapo umemwaga kaboni. Watu husema risasi, lakini ndani ya kalamu hiyo hamna risasi hata chembe. Ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama bunda la karatasi. Ukiandika, karatasi za juu zinateleza na kubaki pale. Sasa libambue bunda hilo mpaka ubakiwe na karatasi moja tu, unene wake atomu moja. Inaitwa grafini."

Akaeleza kwamba karatasi hiyo ikitiwa oksijeni inakubali kukaa ndani ya maji. Haina ndani; ina sura mbili tu, mbele na nyuma, kwa hiyo dawa inajibandika pande zote na inachukuliwa nyingi. Dawa ya saratani ikitiwa peke yake huzagaa mwili mzima, ikaunguza nywele, kucha na tumbo. Ikibebwa na karatasi wanataka ifike kwenye uvimbe, ambako pana tindikali kidogo zaidi ya kwingine, na hapo ndipo dawa huachia na kushuka.

Nikauliza swali. Mimi! "Dada, inapatikana wapi?"

"Kwenye visahani vya maabara na kwa panya. Kwa mtu, bado. Hatujajua vizuri karatasi yenyewe inakwenda wapi ikishashusha mzigo. Nyingine hukwama kwenye mapafu, nyingine kwenye ini. Hilo ndilo swali langu mimi. Njoo unisaidie."

Njoo unisaidie. Nimeyarudia maneno hayo njia nzima.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Nimeuza bahasha.

Jumanne, 8 Aprili

Shangazi ametoka kwenye dripu leo. Alinipigia simu akiwa amelala na beseni kando. "Shaza!"

"Abee, Shangazi."

"Hebu nieleze hayo uliyoyaona chuoni, nisahau kichefuchefu. Na usinijibu kwa kichwa, sikuoni."

Nikamwambia nitamtumia ujumbe wa sauti. Nikiwa peke yangu na simu, hakuna anayenitazama mdomoni. Nilikaa nyuma ya rafu ya madaftari nikasema yote bila kukwama. Nilisema: "Kitu kile kile kilicho ndani ya kalamu ya risasi, Shangazi, ndicho wataalamu wanachotumia kubebea dawa ya saratani mpaka kwenye uvimbe, bila kuunguza nywele wala kucha." Kisha nikavuta pumzi nikasema: "Lakini bado ni ya visahani na panya. Wewe fuata dripu yako."

Akanijibu: "Mashallah! Kumbe bubu wetu ana ulimi wa asali."

Nimeusikiliza ujumbe wangu tena. Ni kweli, sauti yangu si mbaya.

Alhamisi, 10 Aprili

Shangazi ameweka sauti yangu kwenye status yake ya WhatsApp. Yeye ni somo: ndiye anayefunda maharusi, na kwenye harusi za wanawake ndiye anayeshika kipaza sauti. Nusu ya Kisauni inamfuata. Leo wanawake nisiowajua wamenisalimu kwa jina. Mmoja amenishika shavu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeuza pakiti nzima ya kalamu za risasi. Shule zimefungwa.

"Wazazi wameanza kujiandaa mapema," amesema Baba kwa furaha.

Jumatano, 16 Aprili

Pakiti nyingine. Hakuna aliyenunua kifutio.

Ijumaa, 18 Aprili

Mueni, anayeshona nguo chumba cha pili kutoka dukani, ameniita. "Wewe Shaza, kuja uone. Huyu ni wewe ama ni redio?"

Kwenye simu yake palikuwa na picha ya kalamu, juu yake maneno mekundu: RISASI YA SARATANI. Kisha sauti yangu. Inasema vizuri sana mpaka "bila kuunguza nywele wala kucha", halafu kimya. Status haichukui ujumbe mrefu, hukata. Ile lakini yangu na yote yaliyoifuata hayamo. Mtu ameichukua hivyo, akaipamba, akaitawanya.

"Ati watu wanapasua kalamu, wanaloweka ile nyeusi, asubuhi wanakunywa maji," Mueni akasema. "Hata kule kwetu kanisani wamenitumia. Nikawaambia huyu daktari namjua, ananiuzianga bahasha."

"Mimi sikusema wanywe."

"Sasa sauti ni ya nani?"

Nimerekodi ujumbe mpya. Nimeanza na lakini, nikaeleza kila kitu polepole, nikautuma kwa Shangazi na kwa kila mtu niliye na namba yake. Hakuna aliyeusambaza. Mueni tu, na alisema ni wa kuchosha.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo amekuja Nyamvula, anayekaanga mihogo karibu na lango la skuli. Ana saratani ya kizazi. Alikuwa akienda hospitali, kila mtu hapa anajua, maana siku hizo huwa hakuna mihogo.

"Mwanangu, ile ya kunywa ni gani?" akauliza. "Hii iliyoandikwa HB, au hii nyeusi zaidi ya kuchorea? Sauti haikusema."

Nilimtazama. Ulimi ukashikana na kaakaa. Nilitikisa kichwa, yeye akadhani ninakataa HB.

"Basi nipe ya kuchorea. Uliongea vizuri kweli. Huko hospitali nimeacha, nauli imenishinda, na hii iko hapa hapa."

Baba akamfungia kalamu kwenye gazeti. Nyamvula akaitia kifuani, akaenda zake kwenye mvua. Nilipopata sauti nilitoka mbio, sikumwona tena.

Nimekuwa kimya maisha yangu yote nikidhani ukimya hauna madhara kwa mtu. Leo nimeuona umefungwa kwenye gazeti.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimetunga sheria ya duka. Hakuna anayepata kalamu ya risasi mpaka anijibu: mtoto yuko darasa la ngapi?

Wa kwanza alikuwa mzee wa kanzu. "Darasa la ngapi? Mimi nina wajukuu, sijui madarasa yao."

"Basi waje wenyewe, babu. Shikamoo."

Wa pili alisema darasa la kumi na mbili, ambalo bado halipo. Wa tatu alikuwa Mueni, kwa kunichokoza. "Mtoto ni mimi. Niko darasa la cherehani. Niuzie!"

"Yenye wino ipo."

"Aiii! Huyu ndiye yule wa kujibu kwa kichwa?"

Baba alinitazama mchana kutwa. Tulipofunga mlango akasema, "Shaza, hili ni duka, si kituo cha polisi."

"Ni duka, Baba. La vifaa vya shule. Hatuuzi dawa."

Sijawahi kumjibu hivyo. Akaenda kusali.

Nyamvula hakukaanga mihogo leo.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua imevunja barabara ya kuelekea Mtopanga, nimekwenda kwa Shangazi kwa miguu, viatu mkononi. Jana ilikuwa siku ya dripu yake. Nilitaka kumuuliza tu hali.

Alikuwa amekaa sebuleni, kajipaka wanja, uso unang'aa. Juu ya meza palikuwa na glasi ya maji ya kijivu, ndani yake vijiti vyeusi vimelala.

"Umekwenda jana?" nikauliza.

"Nimepumzika jana. Nimekula wali, wali umekaa tumboni. Unajua ni lini mara ya mwisho wali ulikaa?"

"Shangazi, hayo maji hayana dawa. Mimi nilisema lakini. Simu iliikata."

"Iliikata kwenye status. Mimi nilitumiwa nzima." Alichukua glasi akaitikisa, vijiti vikazunguka. "Ile lakini yako niliisikia, Shaza. Kila mtu huko hospitali ana lakini yake. Utapona, lakini. Nywele zitaota, lakini. Uvimbe umepungua, Mama Mahfoudha, lakini. Nimechoka na lakini. Katika watu wote, wewe peke yako ulianza na maneno matamu, nami nikayachukua yale matamu."

"Hayo hayakuwa yote."

"Ndiyo niliyoyataka."

Akanywa mbele yangu, akinitazama, mpaka tone la mwisho. Midomo ikabaki na weusi.

Nilikuwa nimekuja kumwonea huruma. Nimerudi nimekasirika. Nampenda kuliko watu wote nje ya nyumba hii, na nimekasirika naye.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama: "Ni mkubwa wako. Usimvunjie heshima." Nimemuuliza, tukimzika nitamwekea wapi hiyo heshima. Mama ametoka nje na kusimama barazani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwandikia dada Mercyline. Amejibu papo hapo: kilicho ndani ya kalamu ni bunda zima, tena limechanganywa na udongo, halijabambuliwa, halijabandikwa dawa yoyote, halina la kufanya ndani ya mtu isipokuwa kupita. Akarekodi ujumbe wake wa sauti nikausambaza. Wanawake wakauliza: "Huyu naye ni nani? Mbona si yule wetu?"

Basi ni sauti yangu peke yake wanayoitaka. Haya.

Jumanne, 29 Aprili

Shule zimefunguliwa. Watoto wamekuja kununua kalamu. Mmoja, kabla sijauliza, amesema: "Darasa la tatu!"

Jumapili, 4 Mei

Niandike ya jana vizuri.

Ilikuwa harusi ya binti wa jirani yake Shangazi, kwenye ukumbi wa Kisauni, wanawake watupu. Nje mvua, ndani udi na joto. Shangazi alikuwa jukwaani kwa lesi ya zari, kilemba kimeficha kichwa kisicho na nywele, kipaza sauti mkononi. Alifunda, akaimba, akawachokoza mama wa pande zote mbili. Ungemwona usingeamini ni mgonjwa. Mimi niliona anavyoshika kiti kila akimaliza wimbo.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nikipanga kumfuata kila mwanamke mmoja mmoja kwa kunong'ona. Nusu ya kwanza ya harusi nilinong'ona na mmoja, naye hakunisikia kwa ngoma.

Ghafla Shangazi akasema, "Mnamjua huyu? Shaza! Simama, mwanangu! Huyu ndiye daktari wa risasi!"

Vigelegele. Wakanisukuma mpaka mbele. Shangazi akaniwekea kipaza sauti mkononi, mkono wake baridi juu ya wangu. "Wasalimie tu," akaninong'oneza.

Nikawatazama. Macho yote yale. Nikasema neno moja.

"Lakini."

Ukumbi ukacheka. Mmoja akapiga kelele, "Lakini nini, daktari? Hata bismillahi hakuna!"

"Lakini ndilo neno lililokatwa na simu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kwenye spika kubwa kama ya mtu mwingine, nikaifuata. "Mlisikia nusu. Nusu nyingine ni hii. Ile karatasi ya kaboni haitibu. Ni hamali. Kazi ya hamali ni kubeba mzigo. Mzigo ni dawa, na dawa ni ile ile ya dripu, ile nyekundu inayotapisha. Wataalamu wanamfunza hamali huyo njia, bado hajaijua, bado anapotea kwenye ini la panya. Na hayo maji ya kalamu mnayokunywa ni hamali asiye na gunia. Anapiga hodi, unamfungulia, unamkaribisha ndani, mikono mitupu! Atakufaa nini? Aliyeacha dripu arudi kwenye dripu yake. Nasema arudi!"

Kigelegele kimoja kutoka pembeni, kisha ukumbi mzima. Wanawake wakasimama wakipiga makofi. "Kampasha! Kampasha shangaziye!"

Sikuelewa. Niliposikia mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Hamali wa mikono mitupu, wallahi kamgusa marehemu," ndipo nikaelewa. Mume wa Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa hamali bandarini. Babu, mwenye maduka, hakumtaka, na Shangazi aliolewa naye hivyo hivyo, Babu kanuna. Kwenye harusi za kwetu chochote kinachosemwa kwa kipaza sauti huwa kimerushiwa mtu. Nilikuwa ninaeleza kemia. Wao walisikia mpasho.

Shangazi alichukua kipaza sauti kwenye mkono wangu. "Ahsante, mwanangu," akasema. Somo wa Kisauni, ambaye hakuna aliyewahi kumwacha bila jibu, akakiweka kwenye kiti, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Leo asubuhi Baba amenisimamisha sebuleni. "Umemtukana shemeji yangu, marehemu, mbele ya wanawake wote wa Kisauni. Utakwenda kuomba radhi."

"Nitaomba radhi kwa neno hamali. Mengine hapana."

"Hapana?"

"Hapana, Baba."

Nimekwenda. Nimebisha hodi, nimemsikia ndani anakohoa, hakufungua. Basi nimesema palepale mlangoni, kwa sauti, majirani wakisikia: "Shangazi, nisamehe kwa hamali! Sikumkusudia marehemu! Kwa dripu siombi samahani, na kesho nitasema tena!"

Jirani mmoja amefunga dirisha. Nimesimama mpaka nimelowa, ndipo nikarudi.

Jumatano, 7 Mei

Mueni ameingia dukani anacheka mpaka anashika meza. Kuna mtu alirekodi harusini. Sauti imeenda mpaka Likoni na Changamwe. Binamu yake aliye Chaani amemtumia. "Wamekuita Hamali Bila Gunia! Ile yako ya kuchosha hakuna aliyeitaka, lakini matusi, aah, matusi yanaenda na mbio!"

"Hayakuwa matusi."

"Usiwaambie basi. Acha yaende."

Sauti ni nzima. Ile lakini ipo, tena ndiyo ya kwanza, hawawezi kuikata bila kukata kicheko. Wanasambaza kwa umbeya, na dripu imo ndani ya umbeya.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna mtu mzima aliyeuliza kalamu ya risasi tangu juzi. Mwanamke mmoja wa Mtopanga amepita, hakununua kitu. "Mamangu amerudi hospitali," amesema, "anakutukana kila hatua." Nimemwambia amtukanie mama yake dua njema. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Tulicheka wote.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda na Mueni kumtafuta Nyamvula. Chumba chake kina kufuli. Mwenye chumba cha pili amesema ameenda kwao, upande wa Kaloleni, wiki iliyopita. Alikuwa hawezi tena kusimama kwenye karai. Simu yake haipatikani. Hana WhatsApp. Ile sauti ya kwanza alisikilizishwa na mteja. Hii ya pili, nani atamsikilizisha huko?

Mueni akasema, "Ile sauti ilikatwa na simu, si wewe."

Najua. Hata hivyo ni mimi nitakayempigia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia. Haipatikani.

Alhamisi, 15 Mei

Tulidhani ni mvua ya mawe, kitu ambacho Mama anasema hajakiona Mombasa. Kumbe ni mabati ya Mueni yaking'oka kwa upepo. Nyamvula haipatikani.

Jumanne, 20 Mei

Mama amepeleka chakula kwa Shangazi. Amefunguliwa mlango. Amerudi na uso mzito. Shangazi ana uvimbe mpya kwapani, Mama ameushika kwa mkono wake mwenyewe.

"Anakunywa yale maji?" nimeuliza.

"Sikuiona glasi."

"Kasema nini juu yangu?"

"Hakukutaja." Mama akakunja kitambaa cha sahani, akakikunjua. "Nilikwambia usimvunjie heshima. Ningekuwa nimesema naye pamoja nawe siku ile, tungekuwa wawili."

Nimemsaidia kuosha sahani.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemwambia dada Mercyline yote. Nilidhani atanicheka kwa neno hamali. Amesema amelitafuta neno la Kiswahili tangu aanze utafiti, atalitumia, na je, namruhusu? Nimesema nimruhusu mimi nani. Nikafikiri tena, nikamwambia aombe ruhusa kwa mjane wa hamali.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imepungua. Nyamvula haipatikani.

Jumapili, 8 Juni

Idi kubwa ilikuwa juzi. Shangazi hakuja, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Leo nilikuwa peke yangu dukani. Jua limetoka, barabara inatoa mvuke. Nilikuwa nimeinama nikipanga vifutio, nikasikia udi kabla ya sauti.

"Hodi humu."

Alikuwa amekonda. Buibui limemning'inia mabegani. Alinyoosha mkono kwenye meza, na mgongoni mwa mkono, juu ya mshipa, palikuwa na pamba na plasta. Plasta mpya, nyeupe.

Niliiangalia. Aliniona ninavyoiangalia, akauacha mkono pale pale.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Usijione. Sikwenda kwa ajili yako." Alivuta kiti cha Baba akakaa. "Nilikaa ndani mwezi mzima natafuta wimbo wa kukujibu. Mimi! Nimewajibu wanawake wa Kisauni wote, waliokufa na walio hai. Kila nikiutunga, unafika kwenye mikono mitupu, unanikwama." Akafuta jasho. "Yule bwana hakunipigia hodi mikono mitupu hata siku moja. Hata ikiwa ni sukari aliyozoa chini ya winchi, yenye mchanga, alikuja nayo. Nikaitazama ile glasi. Nikasema, we, umeniletea nini? Nikaimwaga kwenye shina la mwasumini."

"Hospitali wamesemaje?"

"Ile Vimto hainitoshi tena. Wamenianzishia nyingine, kali zaidi. Inaweza kufaa, lakini." Akalisema neno hilo kwa kulivuta, kama anavyowavutia maharusi. "Nikawaambia, nitilieni, pamoja na lakini yenu."

Nikauweka mkono wangu juu ya wake, kando ya plasta.

"Na huyo rafiki yako wa panya," akaendelea, "Mama yako kaniambia. Neno la marehemu alitumie. Lakini amwambie kila mtu hamali huyo anakuja na gunia. Sitaki kusikia habari za hamali mtupu." Akagonga meza kwa kidole. "Haya. Niuzie kalamu ya risasi."

Nilimtazama machoni. Mkono wangu haukwenda kwenye rafu.

"Mtoto yuko darasa la ngapi?"

Shangazi akacheka mpaka akashika kifua kwa maumivu, na bado akacheka. "Amemaliza shule. Anangoja chuo kikuu. Ana mdomo mchafu usio na adabu na hauzibiki. Nataka awe na cha kuandikia."

Nikampa HB. Akaigeuza, akainusa kama mtu anayenusa samaki, akaniwekea mkononi.

Ninaandika haya kwa kalamu hiyo. Inateleza vizuri, kila herufi ni karatasi kadhaa za kaboni zimebaki hapa. Nimempigia Nyamvula tena, haipatikani. Jumamosi tutapanda gari mimi na Mueni mpaka Kaloleni, tukaulize nyumba kwa nyumba. Nimeliandika jina lake juu ya ukurasa kwa nguvu mpaka ncha ikavunjika. Nimeichonga, nimeliandika tena.